Upande Wangu wa Kamba

Grand Prairie, Texas
Jumapili ya pili ya Machi, miaka saba na miezi mitano tangu uliponisindikiza uwanja wa ndege

Mama Nakiete, mke wangu,

Leo upepo unavuma kutoka kaskazini na umerudisha baridi, ingawa juzi tulikuwa tunatokwa jasho. Pembeni mwa barabara kuu, pale malori yanapochepuka kwenda kwenye maghala, maua madogo ya buluu yameanza kuchungulia kwenye nyasi. Mti ulio mbele ya dirisha langu umetoa maua meupe kabla haujatoa jani hata moja. Nimeutazama nikakumbuka kwamba huko masika yanakaribia, na kwamba sijui goti lako la kushoto linaamkaje siku hizi na ule ubaridi wa maji ya jaruba la mpunga.

Najua unashangaa. Mimi si mtu wa kusimulia maua. Kwenye simu namuulizia mtoto, naulizia maji ya mfereji, nasema nimechoka, basi. Lakini nimefundishwa kwamba barua ya Kijapani haiingii kwenye jambo lake kama mgeni asiyebisha hodi. Kwanza unamwambia mwenzako hali ya mbingu na ardhi pale ulipo, kisha unamuuliza afya yake, ndipo unaketi na kusema lililokuleta. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu darasani, nikamkumbuka mwalimu wetu wa darasa la tano aliyekuwa akituchapa tukisahau kuandika kwamba sisi hatujambo na tunataraji nanyi hamjambo. Kumbe Wajapani nao wamepitia kwa mwalimu yule yule.

Basi nimeshabisha hodi. Nifungulie.

Barua hii naiandika wazi. Ya kwako nitaituma kwa posta, na nakala moja nitamkabidhi mama mmoja wa Kenya anayetoa jarida dogo la watu wa Afrika Mashariki wa huku. Nimefanya hivyo kwa sababu swali lako uliliuliza mbele ya watu. Jibu lake silileti kwa kunong'ona.

Siku yenyewe unaikumbuka. Ilikuwa Desemba, kipaimara cha mtoto wa dada yako, nyumba imejaa. Simu mliiweka mezani, sauti nje. Niliwasalimia wote, mkubwa kwa mdogo. Shemeji zangu wakanitania kwamba siku hizi nasalimia kwa pua. Kisha ukaichukua wewe, ukasema bila kupandisha sauti:

"Baba Nakiete, kamba nimeishika peke yangu, miaka saba sasa. Niambie kama upande wako bado umeushika. Kama umeuachia, sema, nichomeke kigingi."

Nikasikia kijiko kikigusa sahani. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Mtandao haukuwa unasumbua, mke wangu. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini, zimebaki dakika ishirini niingie zamu, na sauti yako ilikuwa safi kama umekaa kiti cha nyuma.

Niruhusu niikumbuke kamba hiyo, kwa ajili yetu na kwa ajili ya watakaosoma pamoja nawe. Kule kwetu, kwenye majaruba ya mpunga chini ya Moshi, wazee wetu walifundishwa na Wajapani kupandikiza miche kwa mstari. Kamba ya nailoni inavutwa kutoka tuta hadi tuta, imefungwa vitambaa vyekundu kila baada ya shubiri moja. Wapandaji wanainama kwenye tope, kila mmoja anachomeka miche penye kitambaa. Mstari ukiisha, mshika kamba wa upande mmoja anasema "haya," wa upande wa pili anajibu "haya," wote wawili wanasogea hatua ile ile kwa wakati ule ule, kamba inatua upya. Mshika kamba hapandi hata mche mmoja, na asiye na mwenzake hufunga ncha ya pili kwenye kigingi. Lakini akilegeza, kamba inalala topeni, mstari unapinda, na wakati wa palizi kile kimashine cha kusukuma kwa mkono hakipiti tena katikati. Kinakata mpunga pamoja na magugu.

Mimi nilikuja pale kibarua, nimeacha shule kidato cha pili, sina hata gambuti. Nikapewa kamba kwa sababu ya urefu wangu. Upande wa pili ulikuwepo wewe, umejifunga kanga kiunoni, umeishika ncha yako kama mtu aliyeshika punda mkorofi. Tulikuwa hatujuani. Neno la kwanza uliloniambia maishani mwangu lilivuka jaruba zima.

"Wewe mrefu, vuta. Au umekuja kuanika kamba?"

Akina mama waliokuwa wameinama wakacheka bila kuinuka. Nikavuta kwa hasira, nikakuvuta na wewe mwenyewe, ukaingia kwenye tope hadi magotini. Nikajua leo kibarua kimeota nyasi. Ukatoka taratibu, ukapanda tuta, ukakamua pindo la kanga, ukaishika kamba upya. Ukasema, "Sasa angalau najua upande ule kuna mtu."

Msimu mzima tuliishika pamoja. Hatukuwa na nafasi ya mazungumzo, tulikuwa na haya na haya tu, toka asubuhi mpaka jua kichwani. Lakini kufikia mavuno nilikuwa najua kwa mvuto wa kamba kama umelala vizuri au umeamka na homa. Mwaka uliofuata nikatuma washenga kwa baba yako. Alipowauliza kijana huyu ana nini, mshenga wangu, mtu asiyejua kudanganya, alijibu kwamba kijana hana kitu ila hajawahi kulegeza kamba. Mzee akasema hiyo inatosha kuanzia.

Ndiyo maana swali lako la Desemba lilinifuata mpaka kazini.

Sasa nikueleze lile nililokuficha. Nilikwambia kwamba Jumamosi nafanya kazi ya ziada. Si kweli. Jumamosi nakwenda darasani kusoma mambo ya Wajapani.

Usikunje uso. Ulijua nimefaulu ule mtihani wa watu walioacha sekondari, ulinipigia vigelegele mpaka jirani wa huku akauliza kuna nini. Baada ya hapo nikajiandikisha chuo, nitafute cheti cha usimamizi wa ghala, niache kubeba maboksi kabla mgongo haujaniacha mimi. Kumbe cheti chenyewe kinadai somo moja la utamaduni au historia. Madarasa mengine ya Jumamosi yalikuwa yamejaa. Binti wa dirisha la usajili akaniambia limebaki la Japani peke yake, akaniangalia kwa huruma kama mtu anayemwambia mwenzake duka limebakiza mkate wa jana. Nikamwambia niandike.

Kazini ninaye mwenzangu, Papa Bahati, Mkongo wa Kivu, mzee kuliko mimi, tunapanga maboksi juu ya paleti za mbao pamoja. Yeye alikimbia vita, akaishi kambini miaka mingi, hashangai kitu. Hilo alilishangaa.

"Weye mgongo inakuuma," akaniambia, "siku ya kupumzika unaenda kusoma mambo ya Japon? Japon itakuja kukubebea boksi?"

Nikamwambia naogopa hata mimi. Nilikuwa naogopa kweli. Darasani wote ni vijana, mwalimu ni mama wa Kijapani mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, tunamwita Sensei, maana yake mwalimu. Siku ya kwanza alituuliza kila mmoja anajua nini kuhusu Japani. Wakasema katuni, wakasema samaki mbichi, mmoja akasema panga. Zamu yangu ikafika. Nikasema, kwa Kiingereza changu hiki cha ghalani, kwamba mimi najua kushika kamba ya kupandia mpunga.

Sensei akaweka kalamu chini. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia Tanzania. Akaomba nisimame nionyeshe. Basi nikasimama mbele ya watoto wa watu, nikanyoosha mkono, nikavuta hewa, nikasema haya, nikasogea hatua. Hakuna aliyejibu, maana walikuwa hawajui. Sensei akatoka mezani, akaenda ukuta wa pili, akajibu kwa neno la kwao, akasogea naye. Alizaliwa kwa wakulima wa mpunga. Toka siku ile sikukosa Jumamosi hata moja.

Siyo kwamba nilielewa yote. Majina ya wafalme wao yananipita kama malori. Lakini kuna mambo nilikuwa nayajua bila kujua kwamba nayajua. Kupokea kitu kwa mikono miwili, kama mama alivyotufundisha. Kuvua viatu mlangoni. Mdogo kuinama kidogo akimsalimia mkubwa. Huku nimezoea kuonekana mshamba kwa mambo hayo. Msimamizi wangu aliwahi kuniuliza kwa nini napokea karatasi kwa mikono yote miwili, kwani ni nzito? Sensei alipoyafundisha kama somo, kijana wa mbele akawa anayaandika, mimi nimekaa nyuma, nimejawa na furaha ya kijinga, kama mtu aliyekuta nguo yake ya zamani inauzwa dukani.

Unalikumbuka gari la kaka yako lililotoka Japani? Kila likiwashwa asubuhi lilisema maneno kwa sauti ya mwanamke, na mzee wako, akiwa barazani na chai yake, alikuwa analiitikia "marahaba." Alisema binti huyo ana adabu kuliko wajukuu zake. Nilimwimbia Sensei maneno yale kama nilivyoyakumbuka. Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe gari lilikuwa linasema halijaona kadi ya kulipia barabara, liwekewe. Miaka yote ile linadai kadi, nasi tunaliitikia marahaba. Mwambie mzee, lakini mwambie taratibu.

Historia yao si ya kuchekesha yote. Sensei alitufundisha kwamba wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, familia za Kijapani zilizokuwa zikiishi Amerika zilizungushiwa waya na walinzi, hata hapa Texas. Wapo wanaume waliowekwa mbali na wake zao. Barua zao zilisomwa kwanza na askari. Nikauliza, mtu anamwandikia nini mkewe ikiwa askari anasoma? Sensei akasema wengi walianza vile vile walivyolelewa, na upepo wa mahali pale, na vumbi lake, na kama kuna mti umechanua. Askari hana sababu ya kukata upepo. Na mke anajua kwamba huyu mtu bado ana macho, bado anatazama nje, bado yupo.

Nilirudi kwenye chumba changu siku hiyo nikiwaza juu yako. Mimi sikuzungushiwa waya na mtu. Na katika miaka saba sijawahi kukuambia hata kama huku kuna mti.

Mwezi uliopita Sensei alitupeleka Houston, wanafunzi saba, magari mawili. Ni mwendo wa karibu saa nne, barabara moja kwa moja. Alitaka kwanza tuone bustani ya Kijapani iliyoko kule, ina maji na mawe na madaraja madogo, watu wanatembea humo wakiongea kwa sauti ya chini. Kisha akatupeleka kwenye uwanda nje ya mji, mahali ambapo zaidi ya miaka mia moja iliyopita Wajapani walikuja kulima mpunga, wamebeba mbegu kutoka kwao. Nilikuwa na hamu ya kuona jaruba. Hapakuwa na jaruba. Palikuwa na vituo vya mafuta, maduka na barabara pana. Sensei alisimama kwenye maegesho ya duka la matairi, upepo unampeperusha skafu, akatuambia watu wale walifika hawajui lugha, wakafundisha, wakafundishwa, wengine wakarudi kwao, wengine wakabaki. Nikamuuliza waliobaki walikuwa na wake zao? Akasema waliofanikiwa kubaki ni wale walioweka familia pamoja. Akaendelea na mengine. Mimi nikabaki pale pale.

Chakula cha mchana tulikula Sugar Land, mji jirani na Houston, nyumbani kwa dada yake Sensei, anakokaa mama yao mzazi, bibi wa miaka tisini na kitu, mdogo kama mtoto wa darasa la nne, macho makali. Pale ndipo nilipofanya kosa.

Tulipewa wali kwenye mabakuli madogo madogo, na samaki na mboga. Nikala kwa adabu zetu zote. Na kwa adabu zetu, mwishoni nikabakiza. Vijiko viwili hivi vya wali, nikavisogeza upande, kama mama alivyonifunza, kwamba mgeni hakombi sahani ya watu. Akikomba anaonyesha kwamba hakushiba, na watoto wa nyumba ile watapata nini? Nikashukuru, nikasukuma bakuli mbele.

Nikaona meza nzima inalitazama bakuli langu. Kijana mmoja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Wajapani hawaachi hata punje, ni kuidharau kazi ya mkulima. Tulifundishwa hilo, lilikuwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Lakini mkono ukafuata mafunzo ya zamani. Mimi, mtu wa mpunga! Mimi ambaye nimekuona wewe ukiokota punje moja moja kwenye turubai baada ya kupura, mgongo umeinama, huku ukisema punje haina kosa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikamwomba Sensei amweleze mama yake kwamba sikudharau. Kwetu mgeni hubakiza kwa ajili ya mtoto wa nyumba. Sensei akatafsiri. Bibi akasikiliza, ameinamisha kichwa. Kisha akauliza kitu, Sensei akacheka, akasema mama anataka kujua kama ni mtoto yeyote au lazima awe mdogo wa mwisho. Nikasema wa mwisho ndiye hupewa kwanza.

Bibi akalivuta bakuli langu mbele yake. Akasema kwao walizaliwa sita na yeye ndiye kitindamimba, kwa hiyo amefikiwa. Akaula ule wali, punje kwa punje, sisi tunamtazama, na alipomaliza akanionyesha bakuli tupu kwa mikono miwili. Nikalipokea kwa mikono miwili. Mke wangu, sijapata kuheshimiwa hivyo tangu nije nchi hii.

Baada ya pale Sensei akamwambia mama yake habari za kamba yangu. Bibi akasimama, akaenda chumbani, akarudi na uzi wa kufumia, mwekundu. Akanipa ncha moja. Yeye akarudi nyuma polepole mpaka ukuta wa pili, uzi ukapita juu ya meza, juu ya vikombe, wanafunzi wakainamisha vichwa. Akavuta. Nikavuta. Ana nguvu yule bibi. Akasema neno lake, nikasema haya, tukasogea hatua moja pamoja, vikombe vikabaki salama.

Kisha akaniuliza swali, na Sensei akalitafsiri bila kujua anatafsiri nini.

"Mama anauliza, huko kwenu upande wa pili alikuwa anashika nani?"

Nikasema mke wangu.

"Na sasa anashika na nani?"

Sijui, Mama Nakiete. Kila msimu nakuuliza kama majaruba yamepandwa, unaniambia yamepandwa, nafurahi. Miaka saba sijawahi kukuuliza nani amesimama pale nilipokuwa nasimama mimi. Bibi aliendelea kusubiri, uzi bado ameuvuta. Alipoona sijibu hakuuliza tena. Hakulegeza pia. Ilibidi niwe mimi wa kumrudishia ncha yake.

Njiani kurudi Dallas vijana walilala. Mimi niliendesha gari moja, nikasema moyoni haya ninayokuandikia sasa, na nayasema mbele ya watu kwa sababu mbele ya watu ndipo nilipokukimbia.

Karatasi zangu za kuishi huku zimetoka. Hazikutoka jana. Zilitoka mwaka juzi, kabla ya mavuno. Tangu siku ile naruhusiwa kusafiri na kurudi, na kila uliponiuliza nilisema bado, wanachelewesha, nchi hii ina mlolongo. Hakuna aliyechelewesha. Ni mimi.

Nilikuwa naogopa. Ile picha niliyokutumia nimekaa kwenye meza yenye kompyuta, ile uliyoiweka ukutani, meza ile si yangu. Nilikaa kwa dakika moja, Papa Bahati akanipiga picha, tukarudi kwenye paleti. Mimi nabeba maboksi, mke wangu. Naingia mchana, natoka nimekwisha, viganja vimekuwa kama soli. Niliogopa kushuka kwenye ndege wakaniona hivi nilivyo, mtu aliyekwenda Amerika akarudi na mgongo mbovu na Kiingereza cha nusu. Nikasema moyoni nisubiri kwanza niwe mtu. Mwaka ukafuata mwaka. Kumbe nilikuwa nimekwisha kuwa mtu zamani sana, siku mshenga wangu alipomwambia baba yako kwamba sijawahi kulegeza. Nikaondoka nikakiacha nyumbani kitu pekee nilichokuwa nacho.

Nakuomba radhi. Sensei anasema kwao mtu akiomba radhi anainama na kubaki ameinama mpaka yule aliyekosewa aseme. Nimeinama. Chukua muda wako.

Kesho yake baada ya safari ya Houston nilimwambia Papa Bahati yote hayo. Nilidhani atanicheka. Aliendelea kufunga plastiki kwenye mzigo, akazunguka paleti mara mbili, ndipo akasema, "Mimi kijiji yangu ilichomwa. Weye yako iko. Mama Nakiete anakuita kwa jina. Sasa unangojea nani akubebe?" Tulipotoka akanisindikiza mpaka mlango wa msimamizi, akasimama nje kama askari, nikaenda kuomba likizo. Nimepewa wiki sita. Papa Bahati amekubali kubeba sehemu ya zamu zangu, na amesema zawadi yake ni mchele wa kwetu, usio na mawe.

Kazi ya mwisho ya darasa ni hii barua. Kila mwanafunzi aandike kwa lugha ya nyumbani kwao, aanze na hali ya hewa kama Wajapani, kwa mtu aliye mbali. Nikamwambia Sensei lakini wewe Kiswahili hukijui, utasahihishaje? Akasema hatasahihisha. Tumletee karatasi ya posta inayoonyesha kwamba barua imeondoka. Aliyeandika akaiweka kwenye droo atapata sifuri, hata awe na mwandiko wa malaika. Wengi walicheka. Mimi nilijua ameshaniona.

Sikuahidi mambo makubwa. Kama tutaishi huku wote watatu au huko wote watatu, hilo sitaliamua peke yangu tena nikiwa ndani ya gari. Tutaliamua tukiwa tumesimama kwenye tuta moja, na Nakiete awepo, maana naye ana miaka kumi na miwili na nimeambiwa ana maoni. Nikipata cheti, nitakuwa na kazi ya kusimama badala ya kubeba. Nisipokipata, mikono bado ipo.

Tiketi nimekata. Nitatua uwanja wa Kilimanjaro Jumamosi ya kwanza ya Julai, asubuhi. Usije kunipokea, na usimtume mtu. Najua wiki hiyo mnapandikiza na maji ya zamu hayasubiri mgeni. Nitashuka njia panda na begi langu moja, nitavua viatu pale kwenye daraja la mfereji, nitapita kwenye tuta la upande wa mashariki, upande wangu. Kama ulishachomeka kigingi sitauliza ulikichomeka lini. Nitaking'oa mwenyewe, nitaosha tope kwenye ncha ya kamba, na nitavuta mara moja, polepole safari hii, ili ujue kwamba upande ule kuna mtu.

Wewe sema haya tu. Nitaitikia.

Mumeo,
Baba Nakiete